Zuhura Amekalia Mikono Yake

Mvivu? Zuhura? Hilo neno lifute kwanza, Mwalimu Baraka, ndipo tuongee.

Ujumbe wako nimeusoma nikaweka simu chini nikaenda kunawa uso. Unasema darasa la sita nililokuachia limejaa watoto wajeuri. Unasema kuna msichana mrefu wa dawati la nyuma, ukimwita kwenye kompyuta anakuja vizuri, anakaa, halafu anaikalia mikono yake. Kibodi haigusi. Ukimuuliza anaangalia chini. Umeuliza kama ni uvivu au ana tatizo la akili. Umeniomba pia, kwa heshima, hilo nakupa, nikuandikie kidogo kuhusu kazi yenyewe kwa sababu mimi nimestaafu na wewe ndio unaingia.

Kustaafu. Neno la mwalimu mkuu hilo, alilitoa siku ya kuniaga pamoja na soda moja ya moto. Mimi sina mvi hata moja kidevuni, lakini sawa, tuseme nimestaafu. Wastaafu wanapenda kuelezea walivyopanda vyeo. Mimi nilikuwa mwalimu wa kujitolea wa TEHAMA, nimeingia wa kujitolea nimetoka wa kujitolea. Mshahara usiniulize. Basi hapo tumeshaokoa karatasi mbili, twende kwenye mambo ya maana.

Kompyuta mimi sikusomea. Nilijifunzia Visiga, kwenye steshenari ya pembeni ya barabara ya Morogoro, kazi yangu kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kuwajazia watu muziki kwenye flashi. Mashine ikigoma bosi ananiambia nisiiguse. Akiondoka naifungua. Niliua mbili hivyohivyo. Ya tatu ikafufuka, na kuanzia siku hiyo mtaa mzima ukaniita Fundi Dulla, wale marehemu wawili hakuna aliyewakumbuka. Vifaa vyangu vilikuwa mswaki mkavu na brashi ya rangi. Nasikia wewe umekuja na begi la bisibisi za kila saizi. Safi. Nunua na mswaki, maana vumbi la huko linaingia chini ya vitufe na bisibisi hailitoi.

Mwalimu Tatu alikuwa mteja wangu pale steshenari. Unamjua, ndiye huyo mama mfupi wa darasa la kwanza ambaye unamwona kila siku na pengine hujawahi kumsalimia zaidi ya shikamoo. Kwao Mlandizi, wazazi wake walikuwa wakulima, na alikuwa anafundisha shule ya msingi hapo hapo Visiga. Alikuja kuchapisha mitihani. Wengine wanaacha karatasi wanakwenda sokoni, yeye anavuta kiti anakaa pembeni, haangalii skrini, anaangalia vidole vyangu. Siku moja akaniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza basi nilijuaje. Nikamweleza zile mashine mbili nilizoua, nikidhani atacheka. Hakucheka. Akasema watoto wake wanahitaji mtu wa namna hiyo, wa vitabuni wanao tayari.

Siku ya kwanza niliharibu vibaya mno. Nilivaa tai. Darasa limejaa mpaka watoto wamekaa dirishani, kompyuta moja tu, ya kwangu, kuukuu. Nikaanza kuwatajia kila kitu kilichomo ndani ya kompyuta na jina lake, jina baada ya jina, nikawaandikisha, wakaandika mpaka mikono ikauma. Nikatoka najiona profesa. Mwalimu Tatu akaniita nje, akaniambia kwa ile sauti yake ya chini, "Umewapa majina ya vitu. Vitu vyenyewe utawapa lini?"

Kesho yake akaja na mche wa sabuni, ile ya kufulia. Akaukata vipande vya kutosha kiganja, akachora mstari juu ya kila kipande, upande wa kulia na wa kushoto. Hivyo ndivyo vilikuwa vipanya vyetu. Watoto wakajifunza kushika, kusogeza, kubofya mara moja, kubofya mara mbili, yote juu ya dawati kwa sabuni. Mikono ya watoto wa Visiga haijawahi kuwa safi kama mwaka ule. Kibodi tuliwachorea kwenye viroba vya mchele kwa mkaa wa betri. Wewe unaweza kucheka, lakini mtoto aliyejifunza kwenye kiroba ukimpa kibodi ya kweli anaandika jina lake bila kuitafuta herufi.

Shida ilikuja siku ya kipanya cha kweli. Mtoto wa kwanza kukaa alikuwa Hamisi. Akakichukua, akakigeuza, akakichovya kwenye kikombe cha maji halafu ndio akaweka mezani. Kwa sababu mazoezini sabuni kavu ilikuwa haitelezi, na kila mtoto alikuwa analowesha kidogo. Kipanya kikafa palepale. Mimi nina hasira za karibu, nilifoka mpaka darasa la pili wakatoka kuchungulia. Mwalimu Tatu akaniacha nimalize. Akasema, "Kafanya ulichomfundisha." Basi. Halafu akaniambia nimnunulie Hamisi andazi, na nilimnunulia.

Hayo maneno yashike, utayahitaji mbele.

Mwalimu Tatu alipohamishiwa Kisarawe, hiyo shule yenu ya mbele ya Maneromango, sikusubiri kuulizwa, nikamfuata. Mama yangu akaniuliza kama nakwenda huko kuoa. Nikamwambia nakwenda kufundisha watoto kompyuta bure. Akasema ningesema naoa angalau angeelewa. Nilifika kwa pikipiki wakati wa mvua, kompyuta yangu imeviringishwa kanga mbili ndani ya beseni, na lile beseni nimelikumbatia mimi huku tope likiturukia mpaka usoni. Dereva aliniuliza nimebeba mtoto. Nikamwambia ndiyo.

Kwenye kazi yenyewe, mambo yako ni haya. Zile kompyuta ndogo za msaada usiziwashe zote kwa pamoja, betri ya sola ikizidiwa inazima kila kitu na utapoteza kazi za watoto. Zamu usipime kwa saa, watoto wanagombana na saa. Sisi tulipima kwa wimbo. Mmoja amekaa kwenye mashine, wenzake wanaimba, wimbo ukiisha anampisha mwingine. Ukiona wanaimba polepole ujue aliyekaa ni rafiki yao. Na watoto wa wafugaji, wale wenye wazazi waliotoka kaskazini na ng'ombe, wanaweza kupotea wiki nzima malisho yakihamishwa. Usifute mafaili yao. Nimeona mtoto amerudi, amefungua mashine, amekuta mchoro wake wa fisi uko palepale alipouacha, mkia bado haujaisha. Alikaa anautazama tu. Nadhani hakuwahi kukuta kitu shuleni kinamsubiri yeye.

Sasa tuje kwenye huo ujeuri.

Somo la neno la siri ndilo nilikuwa nalipenda kuliko yote, na ndilo lililonifukuzisha. Huko kijijini, Mwalimu Baraka, wazee wengi hawasomi. Simu wanazo. Pesa ya korosho, ya mihogo, ya kutumiwa na watoto wao walioko mjini, yote inaingia kwenye simu. Anayesoma ujumbe ni mjukuu. Anayebonyeza namba ya siri ni mjukuu. Mtoto wa darasa la tano anatembea na namba ya bibi yake kichwani, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hicho alichobeba ni kitu. Nikaona nikiwafundisha kuchora fisi nikaacha hilo, nitakuwa nawachezea.

Tukatunga mchezo. Tuliuita Mwizi Mpole. Kila mtoto ana namba yake kichwani, na mimi ndiye mwizi. Naanza na pipi. Halafu nakuwa mtu wa kampuni ya simu, sauti nzuri, nakusalimia kwa jina lako. Ukimshinda huyo, nakuwa mwalimu mkali. Ukimshinda na huyo, nakuwa mjomba. Mjomba ndiye mgumu. Mjomba anasema mimi nimekubeba mgongoni, mjomba anasema unaniona mimi mwizi? Hapo wengi walikuwa wanaanguka. Jibu lilikuwa moja tu, darasa zima linalijua: namba ni ya mwenyewe, muulize mwenyewe.

Mwalimu Tatu alisikiliza mchezo siku ya kwanza akaurekebisha. Akasema mtoto hawezi kumjibu mkubwa wake hivyo mkavu. Aamkie kwanza. Ajibu akiwa ameinamisha kichwa. Na ajitolee kumpeleka huyo mkubwa kwa mwenye namba. Tukaufanya hivyo. Huo ndio ujeuri unaousikia, ujeuri unaoanza na shikamoo.

Zuhura hakuwahi kushindwa. Hata mara moja. Nilimjia kwa pipi, kwa sauti ya simu, kwa ukali, nilimjia kama mjomba anayelia. Anainamisha kichwa, anaamkia, anajibu. Siku moja nilimsahau kabisa, nimeshahamia kwa mwingine, akanifuata nje kuniuliza kama mchezo umeisha, maana anataka kwenda kujisaidia na hajui kama mwizi bado yupo. Na kwa kuandika alikuwa wa kwanza, haangalii vitufe. Unaniambia mvivu.

Anaishi na bibi yake, Bibi Mwajuma, mama mzaa mama yake, tangu mdogo. Bibi akaugua, akapelekwa Kibaha, hospitali ya Tumbi. Alivyokuwa anapandishwa kwenye gari alimwachia Zuhura simu, akamwambia akae nayo na asimpe mtu. Jioni yake akaja Selemani, mtoto wa kiume wa yule bibi, mjomba wake Zuhura. Mjumbe wa kamati ya shule huyo, umeshakaa naye vikao. Akataka simu na namba, akasema ni ya matibabu.

Zuhura akaamkia. Akainamisha kichwa. Akasema namba ni ya mwenyewe, muulize mwenyewe, halafu akasema kama mjomba ana haraka basi waende wote Tumbi kwa bibi, yeye atabeba simu.

Selemani hakutaka kwenda Tumbi. Alimpiga kofi, akachukua simu, akakaa nayo barazani akibahatisha namba mpaka laini ya pesa ikajifunga. Jirani aliona yote. Matibabu ya bibi ndugu wakachangishana. Na kijiji kizima kikasikia kwamba mtoto wa darasa la sita amefunga pesa za bibi yake akiwa hoi kitandani, na kwamba aliyemtuma ni mwalimu wa kompyuta.

Bibi akapona, namshukuru Mungu. Aliporudi tu, mkutano ukaitishwa ndani ya chumba cha darasa la saba, watu wamebanana kwenye madawati ya watoto magoti yanagusa kidevu. Selemani alivaa kanzu nzuri. Hakufoka. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa kufoka.

"Mimi na mtoto sina ugomvi," alisema. "Ugomvi wangu ni na huyo aliyemwambia mjomba wake ni mwizi."

Watu wakaguna kukubali. Mwenyekiti wa mkutano akamsimamisha Zuhura, mtoto akaeleza kilichotokea bila kuongeza wala kupunguza, mpaka kofi alilitaja kama mtu anayetaja mvua ilinyesha. Jirani aliyeona aliulizwa, akasema yeye alikuwa jikoni. Mwenyekiti akamgeukia bibi sasa. Mimi moyoni nikasema hapa ndipo imeisha, mwenye namba mwenyewe huyu hapa. Bibi Mwajuma alivuta ushungi wake. Akasema, "Mtoto amekosea. Mjomba wake ni sawa na mimi."

Nilimwangalia Zuhura, sikumwangalia bibi. Mtoto hakulia. Alikuwa kama mtu anayesubiri aambiwe mchezo umeisha.

Wakampigisha magoti. Akambusu mjomba wake mkono, akaapa mbele ya watu wote kwamba hatagusa tena simu ya mtu wala kompyuta. Neno kompyuta liliongezwa na mwenyekiti, sijui kwa nini, nadhani aliona linapendezesha kiapo.

Mimi nikasimama. Mwalimu Tatu alinishika shati nyuma, nikasimama nalo. Nikamuuliza Selemani swali moja: mtoto alimwambia waende wote Tumbi, kwa nini hakwenda? Hilo tu. Akaniangalia, akatabasamu, akaniuliza cheti changu cha ualimu kiko wapi.

Basi mkutano ukaamka. Mzee aliyekuwa amesinzia tangu dua ya kufungulia akafumbua macho akadai cheti. Watu ambao watoto wao nimewafundisha mpaka wanaandika barua za ukoo wakadai cheti. Nikawajibu kitu ambacho sitakiandika hapa, kilikuwa kirefu na kilitaja watu, na sikijutii. Mwalimu Tatu akasimama nilipomaliza, mtandio wake uko vilevile na pini yake. Akasema, "Mtoto kafanya tulichomfundisha. Mchezo niliuruhusu mimi. Kama kuna kosa, msimpigishe magoti yeye."

Muhula uliofuata wakawa wamemshusha darasa la kwanza, anawafundisha kushika penseli, na chumba cha kompyuta kikafungwa mpaka apatikane mtu mwenye cheti. Ndiyo wewe. Ukisikia mtu yeyote hapo ofisini anamsema yule mama, yeyote yule, nitumie jina lake tu, mengine niachie.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu hili halijui mtu.

Asubuhi ya kuondoka kwangu, nafunga virago, nikasikia hodi. Bibi Mwajuma, peke yake, simu kaifunga kwenye pindo la kanga. Nikamwamkia kwa sababu nimelelewa, siyo kwa sababu nilitaka. Akaitikia, akakaa mlangoni.

"Mwanangu, nataka ile namba ibadilike."

Nikamwambia si alishabadilishiwa juzi kwa wakala, laini ilipofunguliwa.

"Nilibadilishiwa. Aliyebonyeza ni Selemani."

Nikamwambia haya maneno angeyasema mkutanoni. Akaniambia taratibu, kama anayemweleza mtoto mdogo, "Nimvue nguo mwanangu mbele ya watu? Kesho nitazikwa na nani?"

Nikamwambia basi aende kwa Zuhura, Zuhura anajua kubadilisha kuliko mimi. Akasema anaogopa mtoto atamwambia mjomba wake.

"Zuhura hasemi, bibi," nikamwambia. "Si ndiyo kesi yenyewe."

Akainama. Halafu akaifungua simu kwenye kanga akanipa, na mimi nikakaa chini mlangoni pale tukaanza. Namba ya Selemani nilidhani itatushinda, maana huwezi kubadilisha bila kujua ya zamani. Akasema anaijua. Hasomi, lakini alikaa pale kwa wakala akiangalia kidole cha mwanawe kinakwenda wapi: juu, katikati, katikati tena, pembeni chini. Nikamsomea maelezo, akabonyeza mwenyewe, polepole, kidole kigumu cha kumenya mihogo. Ilipofika namba mpya nikageuka nikaangalia ukuta. Akaniuliza mbona nageuka. Nikamwambia namba ni ya mwenyewe. Nilisikia vitufe vinalia kimoja kimoja.

Ikakubali. Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Nikisahau je?" akauliza.

Nilimwacha ajijibu mwenyewe hilo swali. Aliyekuwa anamkumbukia ameapishwa, na yeye alikuwepo. Alipoinuka kuondoka akasema nikikutana na Zuhura nimwambie hakukosea. Yeye mwenyewe hawezi, nyumba itavunjika. Akasema nimwambie mimi.

Nilikwenda kumtafuta siku hiyo hiyo, begi mgongoni. Nikakutana naye njiani na ndoo ya maji. Akaniamkia, akainamisha kichwa, akapita. Aliambiwa asisimame na mimi, na Zuhura akiambiwa kitu unajua tena. Nikamwita. Hakugeuka. Nikapanda pikipiki nikaondoka, nimeyabeba maneno ya bibi yake mpaka hapa Visiga, na yapo mpaka leo.

Kwa hiyo huyo unayemwona siyo mvivu. Yule ameapa mbele ya watu hatagusa kompyuta, wewe unamwita aje akae mbele yake. Ananyanyuka kwa sababu umemwita, maana wewe ni mkubwa. Anaikalia mikono kwa sababu ameapa. Anakutii wewe na anatii kiapo kwa wakati mmoja, na mikono ndiyo imekosa pa kwenda.

Mimi kufika hapo shuleni siruhusiwi. Mwalimu Tatu ameshalipa, simwongezei. Wewe cheti unacho, kikao kinakusikiliza, na Selemani bado ni mjumbe na atajua ndani ya siku hiyo hiyo ni nani aliyezungumza na mtoto. Kesho Zuhura akija mbele akaikalia mikono yake, utamwambia hakukosea, au na wewe utasema ulikuwa jikoni?